Mitambo ya Ngong kutoka dirisha la ndege

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimezaliwa Ngong, na sasa napika katika kambi ya watalii huko Maasai Mara. Mara mbili kwa mwaka napata kiti kwenye ndege ndogo inayoondoka asubuhi uwanja wa Wilson, Nairobi. Dakika chache baada ya kupaa tunapita karibu na mitambo ya upepo, pale pale nilipokuwa nikichunga mbuzi. Nimeipiga kwa simu mara tatu. Picha zote zimetoka kijivu, mitambo ni kama nukta za chaki, na katikati kuna doa jekundu. Babu yangu aliiona ile miwili ya kwanza ikisimamishwa mwaka 1993. Hajapanda ndege maisha yake yote, na kila nikirudi nyumbani ananiuliza: huko juu inaonekanaje? Nataka kumchapishia picha moja tu, iwe nzuri.
N., Ngong

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya huyo babu.

Doa jekundu najua limetoka wapi hata kabla sijaiona picha: ni shuka ulilojitanda. Dirisha la ndege ni plastiki inayong'aa, na nguo yoyote ya rangi kali ikipigwa na jua upande wako hujirudisha humo ikaingia kwenye picha. Mimi ni mtu wa Mombasa, navaa buibui, na katika kazi hii limenifaa kuliko vifaa vingi nilivyonunua kwa pesa nyingi. Nauvuta upindo wake nikazungushia kamera na dirisha, pakawa giza kati yao, na kila kilichokuwa kikijirudi kwenye plastiki kikapotea. Wewe siku hiyo vaa sweta jeusi, na shuka liweke kwenye begi. Simu isogeze hadi ibaki nafasi ya unene wa kidole, lakini usiigandamize dirishani. Ndege ile inatetemeka mwili mzima, na ukiigusa mtetemo unakuja moja kwa moja mkononi. Bana viwiko mbavuni, mgongo uache kiti.

Kuhusu kiti, mara zote mbili nilizopita hapo mitambo ilikuwa upande wa kulia. Njia ya ndege hubadilika, kwa hiyo muulize rubani kabla hamjapanda. Kaa safu za nyuma. Bawa la ndege hizo liko juu ya dirisha, jambo ambalo ni neema kwetu wapiga picha, lakini kuna nguzo inayolishikilia kutoka ubavuni, na ukikaa mbele itakukatia picha vipande viwili.

Sasa huo ukijivu. Nyuma ya vilima vya Ngong kuna Bonde la Ufa, na asubuhi bonde limejaa vumbi na mvuke mweupe. Mitambo nayo ni myeupe. Ukiipiga ukiwa bado mbali, unaweka cheupe juu ya cheupe, na hakuna simu itakayoitenganisha. Subiri. Ndege ikisogea, utaanza kuitazama kutoka juu zaidi, na badala ya lile bonde nyuma ya mitambo kutakuwa na majani ya kilima chenyewe. Hapo ndipo pa kupiga. Kidole kiweke juu ya majani, kibonyeze bila kukiondoa mpaka simu ifunge fokasi, la sivyo itavutwa na mikwaruzo ya dirishani. Kisha punguza kidogo mwanga wa picha, si wa skrini. Ukienda mwezi wa tano, baada ya mvua, majani yana kijani kizito na weupe wa mitambo unakaa vizuri sana juu yake. Mwezi wa pili nyasi zimekauka, na kazi ni ngumu zaidi.

Lakini jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni kivuli. Safari yangu ya kwanza ilikuwa karibu na saa sita mchana. Nilirudi na picha arobaini na kitu, na hakuna hata moja iliyonieleza mtambo ni nini. Ukiutazama kutoka juu, mnara ni kijiti tu, na jua la utosini linaacha kivuli chini ya mguu wake. Safari ya pili ilikuwa saa mbili asubuhi, kama yako. Macho yangu yaliona vivuli kabla ya kuiona mitambo: mistari myeusi imelala juu ya majani kuelekea magharibi, kila mmoja na mapanga yake matatu yakizunguka ardhini. Saa hiyo kivuli ni kirefu zaidi ya mara mbili ya mtambo wenyewe. Nilipigwa na butwaa kiasi cha kukaribia kusahau kubonyeza. Basi wewe usiutafute mtambo, tafuta kivuli chake, na ukishakipanga vizuri ndani ya fremu, mtambo utakuwepo wenyewe.

Wala usivute picha karibu kwa vidole viwili. Najua utatamani. Leo hapo Ngong kuna mitambo 30 yenye nguvu ya megawati 25.5, ya aina ya Vestas V52, na hiyo 52 ni upana wa duara la mapanga kwa mita. Kwa kamera ya kawaida ya simu, ukiwa umbali wa kilomita mbili, duara hilo lote linapata pikseli sabini na kitu katika picha yenye pikseli 4,000 upande mrefu. Ukiichapisha kwa upana wa sentimita 30, mtambo mmoja utakuwa kama punje ya mchele. Kuuvuta ni kuipanua punje hiyo hadi ichakae. Kwa hiyo usimpigie babu mtambo mmoja. Mpigie safu: punje kumi, kumi na tano zikifuata mgongo wa kilima, na vivuli vyake, na njia ya udongo inayopita katikati, na ikiwezekana boma la mtu na ng'ombe wake, ili babu apate kipimo.

Umeandika pia, katika ukurasa wa pili wa barua yako, kwamba unadhani picha zimetikisika kwa sababu mapanga yanakwenda mbio. Mbio ni kweli. Mtambo ukiwa na kasi ya mizunguko 26 kwa dakika, ncha ya panga inakimbia mita 70 hivi kwa sekunde, ambayo haiko mbali na kasi ya ndege uliyokalia. Lakini ukisukuma kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie, hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde, ncha hiyo inapata muda wa kusogea sentimita saba tu, na kutoka kilomita mbili hakuna jicho linaloona sentimita saba. Kinachotikisa picha ni ndege na mkono. Weka hiyo kasi, kama simu yako inaruhusu, na upige nyingi mfululizo, maana muda wako pale hauzidi dakika moja au mbili.

Ukienda studio kuchapisha, waombe karatasi isiyong'aa. Macho ya mzee husumbuliwa na mng'ao, na atalazimika kuigeuzageuza picha dirishani. Waambie wakoleze kiza zaidi kidogo kuliko wanavyopenda wao, ili weupe utokeze. Ile miwili ya 1993 ilitolewa na Ubelgiji, na babu ndiye anayejua ilisimama wapi hasa. Muulize kabla ya safari, ili sehemu hiyo ya kilima isikose ndani ya picha.

SWALI: Mama, mimi ni mtu wa Bukavu, ninaishi Malmö, Uswidi. Nikirudi kwa ndege kupitia Copenhagen naona ule upinde wa mitambo baharini, lakini kwenye picha mapanga hayaonekani, ni nguzo tu. Na kwa nini filta yangu ya polaraizi inaleta rangi za upinde wa mvua?
B.

JIBU: Huo ni Middelgrunden, mitambo 20 iliyojengwa mwaka 2000, na kwa macho yangu hakuna shamba la upepo lililopangwa kwa uzuri kama lile. Filta iondoe kabisa. Plastiki ya dirisha imebanwa na kunyooshwa, na filta hiyo inauonyesha mbano huo kama rangi. Kuhusu mapanga, fikiria upepo. Mtambo huuelekezea upepo uso wake, na ndege nayo hutua ikiukabili upepo. Kwa hiyo unapotua, wewe na mapanga mnaelekea upande mmoja, na mtambo ukiwa usawa wa kiti chako unauona kwa ubavu, mapanga yamekuwa mstari mwembamba unaopotelea kwenye mnara. Upepo ukitoka kusini-magharibi, ndege hushuka ikitokea kaskazini-mashariki juu ya Øresund, mlangobahari ulio kati ya Denmark na Uswidi, na Middelgrunden inakuwa kulia. Kaa dirisha la kulia, mbele ya bawa, upige mapema, wakati mitambo bado iko mbele yako kwa mshazari.