Jibu: Mitaa ya enzi za kati Paris bado ipo

Ndugu, umeuliza kama Haussmann, aliyebomoa sehemu kubwa ya Paris ya kale ili kufungua barabara pana, aliacha mtaa wowote wa kale. Aliacha, ila usitafute nyumba, tafuta mkondo wa barabara. Nyumba hujengwa upya. Mpindo wa mtaa hubaki.

Haussmann alianza kazi 1853, kwa hiyo fungua ramani ya Paris ya 1739, iitwayo ya Turgot, mtandaoni uilinganishe na ya leo. Wengi hupotea hapa: juu ya ramani ile si kaskazini, ni kusini-mashariki. Kwanza izungushe ramani ya leo ya simu yako ifuate mwelekeo huo. Mtaa uliopinda, upana wake haulingani, na uko kwenye zote mbili, huo unafaa kuufuata.

Shukia metro ya Saint-Michel, pita rue de la Huchette na rue Saint-Séverin hadi rue Galande. Namba 42, inua macho juu ya mlango: jiwe la karne ya 14 lenye Mtakatifu Julien akiwa mashuani. Hapo simama kidogo, ni hazina. Rue du Chat-qui-Pêche iliyo jirani ni nyembamba mno, lakini ni ya karne ya 16, si ya enzi za kati.

Vuka mto Seine uende rue François-Miron, kwenye nyumba za fremu za mbao, namba 11 na 13. Tahadhari: mbao zinazoonekana si ushahidi wa umri. Amri ya 1607 ililazimisha zipigwe lipu, na hizi zilifunuliwa karne ya 20. Ukitaka nyumba yenye tarehe ya uhakika, nenda 51 rue de Montmorency, ya 1407.