Neno "Eibar" juu ya mitutu ya shotigani

Swali: Marehemu babu yetu alituachia shotigani ya mitutu miwili, ambayo familia inaimiliki kwa kibali halali. Juu ya mitutu limechongwa neno "Eibar", ilhali mtambo wake unafanana mno na wa bunduki za Kiingereza. Eibar ni kiwanda gani, na bunduki hii ilitengenezwa lini?

Jibu: Eibar si kiwanda, ni mji mdogo wa jimbo la Gipuzkoa, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Bonde lake limeishi kwa silaha tangu karne ya 16, hata mji jirani wa Soraluze ukaitwa Placencia de las Armas, yaani Placencia ya Silaha. Kazi iligawanywa kwa mafundi: huyu alitengeneza mitutu tu, yule mitambo, mwingine vitako vya mti wa jozi, na mara nyingi jina lililochongwa mwishoni lilikuwa la aliyeunganisha kazi ya mikono mingi.

Mfanano ulioutaja haukutokea kwa bahati. Karne ya 20 mafundi wa Eibar waliiga mtambo wa pembeni, yaani ule unaofungwa kwenye mabamba ya ubavuni mwa bunduki, wa kampuni ya Holland & Holland ya London, wakaukamilisha kwa mkono kwa gharama nafuu zaidi. Nami nauheshimu sana uigaji huo, kwa sababu chuma hakidanganyiki: fundi hupaka kipande masizi ya taa, hukibana mahali pake, hukitoa, kisha hupiga tupa pale tu masizi yalipogusa, na hurudia hivyo hadi vyuma viwili vikutane bila mwanya.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliubomoa mji huo mwaka 1937, lakini ufundi ulirejea. Pigo jingine lilikuja miaka ya 1980, watengenezaji wengi walipounganishwa katika kampuni moja iliyoitwa Diarm, ambayo ilianguka baada ya muda mfupi. Kwa maoni yangu, muungano huo ulikwenda kinyume na mfumo wa karakana ndogo uliokuwa nguvu ya bonde lile. Baadhi ya wafanyakazi waliiinua upya AYA, mmoja wa watengenezaji wa bunduki wa Eibar, na karakana nyingine chache nazo ziliendelea. Orbea, iliyoanza kwa silaha, ilikuwa imekwisha kuhamia baiskeli zamani.

Kuhusu umri, hakikisha kwanza bunduki haina risasi, kisha itenganishe mitutu na uitazame upande wa chini, penye mihuri ya ofisi ya majaribio ya Eibar, iliyopima uimara wa bunduki. Tangu 1927 muhuri wa mwaka ni herufi: A ni 1927, Z ni 1954, kisha A1 ni 1955. Ukikosa herufi, huenda bunduki ni ya kabla ya hapo. Kabla ya kuifyatua, mpelekee fundi mwenye leseni aipime chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, kwa kuwa nyingi za zamani zilichongwa kwa risasi za urefu wa milimita 65, na ya milimita 70 huweza kuingia humo bila kuonyesha dalili yoyote ya hatari.