Vitabu vipya maktabani: majibu kwa wasomaji

Maswali mengi mliyonitumia safari hii yanahusu vitabu vipya katika maktaba za umma: viko wapi, ni vya nani, vinapatikanaje. Nimechukua yale yanayogusa watu wengi. Majibu hayakulingana kwa urefu, maana kuna jambo linahitaji maelezo na kuna lingine sentensi mbili zinatosha.

Nimejiandikisha maktaba ya mkoa mwaka huu. Kila nikiingia naona vitabu vilevile, vingine kurasa zinadondoka. Vipya vinafichwa wapi? (Msomaji, Morogoro)

Havifichwi, ila kutoka kwenye boksi hadi rafuni kuna kazi. Kitabu kikifika huandikwa kwenye rejista, hupewa namba yake, hupigwa mhuri. Kisha mkutubi anakipitia ajue kinahusu nini ili akipangie namba ya mada, ndiyo ile unayoiona imebandikwa mgongoni. Ndani hubandikwa karatasi ya tarehe za kurudisha. Mahali penye watumishi wawili, nao ndio hao hao wanaokaa kaunta, boksi moja linaweza kuchukua wiki kadhaa.

Ukiingia, usianze na rafu za ndani. Angalia karibu na mlango au kaunta, kwani vitabu vilivyoingia karibuni huwekwa hapo. Ukitaka fasihi ya Kiswahili, tafuta namba zinazoanza na 896.392. Vitabu vinavyochambua lugha yenyewe vina 496.392. Namba hizi ni za mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, kwa hiyo ukizikariri zitakufaa pia katika maktaba nyingine zinazoufuata. Baadhi ya maktaba hutenga hadithi mahali pake na kuzipanga kwa jina la mwandishi, basi uliza.

Usidanganywe na jalada. Fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu, usome mwaka. Riwaya ya miaka ya 1970 huchapwa upya kwa jalada linalong'aa, na kitabu cha mwaka juzi kikishapita mikono kumi huonekana mzee. Na kipya kizuri mara nyingi hukikuti rafuni kwa sababu kiko nyumbani kwa mtu. Mwambie wa kaunta aandike jina lako, kikirudi akuwekee.

Sasa itazame ile karatasi ya tarehe. Ikiwa imejaa mihuri, mkutubi anayo hoja ya kuomba vingine vya aina hiyo. Ikiwa nyeupe baada ya miaka miwili, atatetea vipi ununuzi wa vingine? Watu wengi wanakisoma kitabu palepale mezani na kukirudisha rafuni, na maktaba haipati alama yoyote kwamba kilisomwa. Kiazimeni, jamani. Kuazima ni kupiga kura.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Nimpeleke maktaba au bado? Naogopa atararua vitabu. (Mama, Tanga)

Mpeleke, mama. Kitengo cha watoto kipo kwa ajili yake, na kadi yake utamdhamini wewe mzazi. Anza na vitabu vya kurasa ngumu za kadibodi. Kurasa laini shika wewe, yeye mwachie kazi ya kufunua. Akishaelewa kwamba nyuma ya ukurasa kuna picha nyingine, hamu ya kurarua inapungua.

Kuchagua ndiko kwenye kazi. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, palepale mbele ya rafu. Vitabu vingi vya watoto vinavyoingia sasa vina picha nzuri sana, lakini maneno yake ni tafsiri ya haraka. "Kuku ambaye alikuwa amechoka aliamua kwamba angeondoka ili kumtafuta rafiki yake bata." Mtoto wa miaka miwili na nusu ameshakwenda zake kabla bata hajatajwa. Linganisha na: "Kuku katoka. Kaenda wapi? Kaenda kwa bata." Hapa mtoto anajibu, anarudia, na kesho yake atakusomea yeye bila kujua herufi hata moja. Kitabu kikikukwaza ulimi wewe mtu mzima, kirudishe.

Tumetoka mbali katika hili. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza Tanzania mwaka 1991, hadithi za watoto kwa Kiswahili zilikuwa adimu kweli. Mradi ukawa unawanunulia wachapishaji sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, ili mchapishaji asiogope hasara. Baadhi ya vile vitabu vyembamba bado viko katika maktaba zetu. Si vipya kwa mwaka, lakini kwa mwanao vyote ni vipya.

Shikamoo. Niko kidato cha tatu. Baba anasema kusoma riwaya ni kupoteza muda, nisome vitabu vya masomo tu. Nimwambieje? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Usibishane na baba, ana nia njema nawe. Mwonyeshe kwamba uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi umo ndani ya somo lako la Kiswahili. Mtu asiyesoma ila vitabu teule huingia kwenye mtihani akiwa amekariri dhamira za mwenzake. Aliyezoea kusoma huona mwenyewe mwandishi anafanya nini.

Azima viwili kwa mpigo, kimoja cha darasani na kimoja chako. Kwa hicho chako, muulize mkutubi kazi zilizoshinda tuzo. Iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, na iko Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Miswada kadhaa iliyoshinda hiyo ya pili imekuwa vitabu, na waandishi wake wengi hawakujulikana kabla. Ndani yake utakutana na Kiswahili cha leo, chenye mabodaboda na simu za mkononi. Ukimaliza, kiache mezani ambapo baba hukaa jioni.

Kuna kitabu cha Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili? (Msomaji, Unguja)

Kipo. Baada ya Gurnah kupata Nobel ya Fasihi mwaka 2021, riwaya yake ya *Paradise* ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kama maktaba yako haina, soma jibu la mwisho hapa chini.

Mwanangu, mimi ni mstaafu. Macho yamechoka, na vitabu vipya vina maandishi madogo mno. Nisome nini? (Mzee, Moshi)

Shikamoo mzee. Kitabu kipimie dirishani kwenye mwanga, usikichague kwa jalada. Diwani za mashairi mara nyingi hupangwa kwa nafasi kubwa, na ubeti mmoja ukiusoma unapumzika. Hadithi zilizoandikwa kwa vijana nazo huwa na herufi nono, na nyingine zinamfaa mtu mzima kabisa.

Ikiwa hata miwani haisaidii, jua kwamba una haki. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020, unataka sheria ziruhusu kitabu kutengenezwa kwa nukta nundu, kwa sauti au kwa maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu, bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki. Ninasema kwa uchungu kwamba vitabu vya Kiswahili vilivyotengenezwa hivyo bado ni vichache sana. Viulizie kila unapokwenda, mzee. Jibu likiwa "hatuna", omba ombi lako liandikwe.

Kitabu cha maktaba kimelowa mvua. Nikaushe juani? (Msomaji, Bukoba)

Hapana, jua linakunja jalada na kukakamaza kurasa. Weka karatasi kavu za kunyonya maji katikati ya kurasa, kila baada ya chache, kiache kivulini penye hewa, na uzibadilishe zikilowa. Kikikauka kigandamize chini ya vitabu vizito. Pasi usiiguse. Kisha kirudishe na useme kilichotokea; wakutubi wanaona makubwa kuliko hayo.

Nimechapisha diwani yangu kwa fedha zangu. Maktaba itaipokea? (Mshairi, Lindi)

Hongera. Kama haina ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, kwa Tanzania namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na ni vizuri kuipata kabla ya kuchapa. Sheria pia inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa Bodi, ili kitabu kihifadhiwe katika Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Wewe uliyejichapishia ndiye mchapishaji. Maktaba ya mkoa wako ipelekee nakala mwenyewe, uonane na mkuu wa maktaba, na uombe siku ya kuwasomea watu. Diwani inayosomwa kwa sauti mbele ya watu huazimwa.

Naweza kuiambia maktaba inunue kitabu ninachokitaka? (Msomaji, Mbeya)

Ndiyo, na ni wachache mno wanaofanya hivyo. Andika jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, na ISBN, zile tarakimu 13 zilizo nyuma ya jalada juu ya mistari myeusi. Ongeza sentensi moja: nani mwingine atakisoma. Kama mko watano, tieni saini watano. Peleka kwa mkutubi mkononi, na uache namba ya simu ili kikifika wakupigie.