Maswali na Majibu: Je, mkuu wa upelelezi wa polisi wa London alithibitisha unabii wa Danieli kwa hesabu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye semina ya unabii hapa kwetu Mbeya, mhubiri mgeni alitufundisha kwamba Sir Robert Anderson, mkuu wa upelelezi wa Scotland Yard (makao makuu ya polisi wa London), alithibitisha kwa hesabu kuwa majuma 69 ya Danieli 9 ni siku 173,880 kamili, na kwamba ziliishia siku ile ile Yesu alipoingia Yerusalemu amepanda punda. Sasa anasema kwa hesabu hiyo hiyo mwaka wa kurudi kwa Bwana umeshajulikana, na chati yake anaiuza. Je, hesabu hii ni sahihi? Tumwamini?

JIBU: Marahaba. Swali hili hunifikia kila unapoanza msimu wa semina, na kila mara linatanguliza cheo: mkuu wa upelelezi kasema. Hapo ndipo panaponikera kuliko hata hesabu yenyewe, kwa hiyo naanzia hapo.

Anderson alizaliwa Dublin mwaka 1841, akasomea sheria, akawa wakili. Serikali ya Uingereza ikamchukua kufuatilia Wafeni, Waairishi waliotaka kujitenga kwa nguvu ya silaha, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupokea na kuchambua ripoti za majasusi. Ukamishna msaidizi wa kusimamia upelelezi jijini London alipewa mwaka 1888, akaushika hadi 1901. Kitabu chake chenye hesabu hii, The Coming Prince, kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1880. Alikiandika kabla hajakanyaga ofisi ile kama bosi wa wapelelezi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Scotland Yard ilichunguza unabii wa Danieli anakudanganya, au kadanganywa naye anakupitishia.

Na hata katika kazi yake ya polisi, uhakika wake haukuwa ushahidi. Aliingia ofisini wakati mauaji ya wanawake jijini London, yale ya muuaji aliyepewa jina Jack the Ripper, yanaanza. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1910 aliandika bila kusitasita kwamba muuaji alijulikana, Myahudi kutoka Poland. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Melville Macnaghten, aliyekuwa ofisa mwandamizi hapo hapo, alimshuku mtu mwingine kabisa. Mpelelezi Abberline, aliyezunguka mitaa ile kwa miguu, akamshuku wa tatu. Simdharau Anderson. Alikuwa mcha Mungu, na alikitetea kitabu cha Danieli kwa bidii mbele ya wasomi waliokibeza. Ila kusema jambo kwa sauti ya hakimu hakulifanyi liwe kweli.

Sasa chukua karatasi na kalamu. Danieli 9 inataja majuma 70, na 69 kati yake yanahesabiwa tangu amri ya kujenga upya Yerusalemu hadi Masihi; kila juma huchukuliwa kuwa miaka 7. Majuma 69 mara miaka 7 ni miaka 483. Anderson akachukua mwaka wa siku 360, akapata 173,880. Mwanzo akauweka 14 Machi 445 K.K., mwisho 6 Aprili 32 B.K. Kwa kuwa hakuna mwaka sifuri, kati ya tarehe hizo kuna miaka 476. Zidisha kwa 365, unapata 173,740. Ongeza siku 24 kutoka 14 Machi hadi 6 Aprili, ukizihesabu zote mbili. Zimebaki siku za ziada za miaka mirefu, ile yenye siku 366. Tarehe zake zote mbili ni za kalenda ya Juliasi, ile ya zamani ya Warumi, ambayo kila mwaka wa nne ni mrefu bila kuruka hata mmoja, kwa hiyo ni siku 119. Yeye akaweka 116. Zile tatu alizipunguza kwa kusahihisha urefu wa mwaka kama inavyofanya kalenda yetu ya leo, huku tarehe zenyewe akiziacha kwenye kalenda ya zamani. Jumlisha bila kuchanganya kalenda, utapata 173,883. Siku tatu zimezidi. Mtu asiniambie siku tatu ni chache, maana sifa nzima ya hesabu hii ni kwamba iliangukia siku yenyewe.

Halafu kuna mwezi wa angani. Pasaka ya Wayahudi huangukia tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kwanza wa kalenda yao, wakati mwezi wa angani unakaribia kujaa au umejaa. Anderson aliiweka 14 Nisani siku ya Alhamisi, 10 Aprili 32. Mwaka ule mwezi wa angani ulijaa kwenye tarehe 14 Aprili. Hii ndiyo sababu kubwa ya wanahistoria wengi kuuacha mwaka 32 kama mwaka wa kusulubiwa Yesu na kubaki na 30 au 33. Mwaka 1977 msomi Harold Hoehner, aliyeipenda njia ya Anderson, aliona tatizo hili, akahamisha mwanzo hadi 444 K.K. na mwisho hadi 33 B.K. Wahubiri wa semina hawakutajii hilo, ingawa ni rafiki wa hesabu ndiye aliyeirekebisha.

Na mwanzo wenyewe je? Fungua Nehemia 2:1. Ndipo Anderson alipoichukua ile amri ya kujenga Yerusalemu. Utakuta mwezi wa Nisani, mwaka wa 20 wa mfalme Artashasta. Siku haikutajwa, tarehe mosi aliiweka Anderson. Mwaka wa siku 360 nao aliujenga kutokana na miezi ya siku 30 katika habari za gharika na Ufunuo, wakati Wayahudi waliufuata mwezi, na majira yalipoanza kuwaacha waliongeza mwezi wa 13 ili Pasaka isihame kutoka msimu wa shayiri.

Kuhusu mwaka wa kurudi kwa Bwana, mhubiri wako anampinga mtu yule yule anayemtaja. Anderson alifundisha kwamba baada ya juma la 69 hesabu ilisimama, juma la 70 bado, na muda ulio katikati haukupewa kipimo. Huwezi kuhesabu kuvuka muda usio na kipimo. Nawasihi mshike hili, maana watu wanaumia. Mhubiri William Miller kule Marekani alianzia Danieli 8:14, na wafuasi wake wakakesha wakingojea 22 Oktoba 1844. Mhubiri wa redio Harold Camping akatangaza 21 Mei 2011, mabango yakatundikwa nchi nyingi, na wapo waliomaliza akiba zao kulipia matangazo yale. Wote wawili walikuwa na hesabu zilizopangwa vizuri. Kwetu nimekutana na wazazi walioacha kulipa ada kwa sababu ya chati kama hiyo, na aliyewauzia alikuwa ameshahamia mji mwingine, na mwaka mpya kwenye chati.

Chati usinunue. Kabla semina haijaisha, msimame wawili watatu mbele ya mzee wa kanisa, mumwombe mhubiri aifanye hesabu ubaoni mstari kwa mstari, kuanzia 14 Machi 445 K.K., na aonyeshe zile siku 116 amezipata wapi.