Dada, hiyo laki na ishirini usiitume

Usilipe. Kama umeshatuma nusu, nusu iliyobaki ibaki kwako.

Umeuliza mambo matatu kuhusu blogu yako ya vitafunwa: umlipe huyo jamaa wa kundi la WhatsApp 120,000 akuletee wasomaji 5,000 kwa siku, uandike mara ngapi kwa wiki, na leseni ya blogu inakuwaje. Naanza na huyo jamaa, maana ujumbe wake ulioubandika hapa nimeusoma mara mbili na damu ikanichemka. "Wasomaji halisi, nchi zote, malipo kabla ya kazi." Ni maneno yale yale niliyotumiwa mimi, hata mpangilio haujabadilika.

Nilikuwa na blogu ya kuku wa kienyeji, nikiwa Morogoro. Ilianza kwa jirani aliyekuja asubuhi na mtetea ndani ya ndoo, akaniuliza: "Kuku wangu wanaharisha kijani na shingo zinapinda, nifanyeje?" Nikaandika makala na kichwa chake kikawa swali lake lilivyo, neno kwa neno. Nikaeleza kwamba dalili hizo ni za mdondo, wengine wanauita kideri, na ukishaingia bandani hauna dawa. Kinga yake ni chanjo, na kwa kuku wa kienyeji ile ya I-2 ndiyo rahisi: tone moja jichoni kwa kila kuku, unarudia kila baada ya miezi mitatu, na unachanja kabla ugonjwa haujafika. Basi. Makala ile ndiyo iliyonijengea kila kitu. Watu wanaandika kwenye Google kama wanavyoongea, na kwa Kiswahili kurasa za kuwajibu zilikuwa za kuhesabu. Ningeiita "Magonjwa ya Virusi kwa Ndege Wafugwao" asingeifungua mtu.

Baada ya mwaka na nusu nilikuwa na wasomaji kama 300 kwa siku. Usione wachache. Kama sitini hivi nilikuwa nawajua kwa majina na mabanda yao. Kulikuwa na mama mmoja wa Ifakara, kila wiki ananitumia picha: kinyesi, kishungi kilichobadilika rangi, yai lenye ganda laini. Kila picha yake ilizaa makala, na kila makala ilileta watu wenye shida ile ile.

Hela ya AdSense, ule mpango wa Google wa kukulipa kwa matangazo yanayotokea kwenye blogu yako, nayo ilikuwa inapanda taratibu. Zile dola 10 za mwanzo zikafika, barua ya Google yenye PIN ikaja kwenye sanduku la posta, nikaithibitisha anwani. Malipo yanatoka ukifikisha dola 100. Mimi nilikuwa na 94.

Hapo ndipo "mtaalamu" wangu alipoingia. Akaniambia kuku hawalipi, mtazame Michuzi, mtazame Millard Ayo, wale wenye kurasa kubwa za habari, weka habari kila saa, na wasomaji atanipa yeye kwa laki na nusu. Nikatuma. Wiki ya kwanza takwimu zikaruka mpaka 6,000 kwa siku. Nilimwamsha mke wangu kumwonyesha.

Halafu kwenye takwimu nikafungua sehemu ya miji wanakotoka wasomaji. Namba moja ilikuwa Ashburn, Virginia. Nikatafuta Ashburn ni nini: ni mji uliojaa majengo ya seva, yaani kompyuta zinazoendesha mitandao. Kila "msomaji" wa huko alikaa sekunde moja au mbili. Nani kule Virginia anafuga kuchi na anasoma Kiswahili kwa sekunde mbili? Zilikuwa programu zinafungua ukurasa na kuufunga, nyingine zinabofya matangazo. Google wanaita hiyo trafiki batili, na hawasumbuki kujua kama uliileta wewe au uliuziwa. Nilipata barua pepe fupi kwamba akaunti imefungwa na hela iliyokuwemo inarudishwa kwa watangazaji. Nikakata rufaa, ikakataliwa. Na ukishafungiwa kwa kosa hilo, kwa kawaida huruhusiwi kufungua akaunti nyingine. Nikampigia jamaa. Akasema labda sikufuata maelekezo. Maelekezo gani? Kazi ilikuwa yake! Siku ya pili picha yake ya WhatsApp sikuiona tena. Bado naamini yuko mahali anauza kifurushi kile kile, na kwa ninavyoona sasa anakuuzia wewe.

Hela iliniuma, lakini sikiliza kilichoniuma zaidi. Miezi ile miwili nilikuwa nakopi na kupesti habari za wasanii, kumi kwa siku, ili blogu ionekane "hai". Mama wa Ifakara alinitumia picha ya jogoo amejikunyata, mabawa yameshuka. Sikuifungua. Nilikuja kuiona baada ya siku kumi na moja, na chini yake kulikuwa na ujumbe wa pili: "Mwanangu, wameisha wote. Nilikuja kwenye ukurasa wako nikakuta mambo ya harusi za watu." Labda hata ningejibu wasingepona, maana nimeshasema mdondo hauna dawa. Lakini ningemkumbusha chanjo mwezi mmoja kabla, kama nilivyokuwa nafanya. Sikumkumbusha kwa sababu nilikuwa Ashburn.

Na huyo jamaa wako, akikutajia majina makubwa kama hayo, muulize kama anajua yalikujaje. Issa Michuzi alipoanza blogu yake mwaka 2005 alikuwa tayari mpiga picha wa gazeti la Daily News. Alikuwa anapeleka picha za harusi, misiba na hafla, na Mtanzania aliye ughaibuni akifungua asubuhi anaona sura anazozijua. Wakamwita Ankal, yaani mjomba. Millard Ayo alikuwa na kipindi cha Amplifaya pale redio ya Clouds FM, wasikilizaji wake walimjua sauti kabla hawajaijua tovuti. Hakuna hapo aliyeanza na umati wa kununua. Walikuwa na watu wao kwanza.

Kanuni ninayoifuata mpaka leo ni hii: sichapishi makala ambayo sina mtu wa kumtumia kwa jina. Nikimaliza kuandika lazima niweze kusema, hii ni ya Mzee fulani aliyeniuliza Jumamosi. Kama hayupo, makala inasubiri. Nilipoanza upya nilifanya hivyo tu, na kila niliyemjibu nilimwomba aisevu namba yangu. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, ina mwisho wa watu 256, na ujumbe unamfikia aliyekusevu peke yake. Kwa hiyo ukituma na wakajibu arobaini, hao arobaini ni wako kweli, hata Facebook ikiamua kesho kuficha ukurasa wako.

Wewe una blogu ya vitafunwa, una wasomaji 40 kwa siku kwa miezi mitano tu. Arobaini wanaojua hamira ni nini! Uandike mara ngapi? Mara nyingi kadiri unavyoulizwa. Leseni, ingia kwa TCRA wenyewe, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, usome kanuni za maudhui ya mtandaoni zilivyo sasa, maana tangu zile za 2018 zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Usimwulize huyo jamaa hilo nalo.

Umesema kuna mtu alikuandikia Jumanne kwamba maandazi yake yanakunywa mafuta. Umeshamjibu? Mwulize mafuta yalikuwa na moto kiasi gani alipoyatumbukiza, na unga aliuacha uumuke muda gani. Akikujibu, kichwa cha makala yako ya wiki hii ni maneno yake yeye.