Mpwa wako asiache skuli kwa ajili ya drafti ya NBA

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza kama mpwa wako wa miaka 18, anayecheza pointi gadi (mwongoza mashambulizi wa timu ya kikapu), aache skuli asubiri drafti ya NBA, yaani uteuzi wa kila mwaka ambapo timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya. Mimi naona asiache. Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka 2009, lakini alikuwa senta, mchezaji wa karibu na kikapu, mwenye kimo cha zaidi ya futi 7, na kimo, tuseme ukweli, hakifundishwi. Pointi gadi hupimwa kwa maamuzi: mtazame anapobanwa na wawili pembeni mwa kiwanja, kama huinua kichwa akamwona mwenzake aliye wazi, au huinamia mpira akiudundadunda mpaka anyang'anywe. Mchezaji wa nje ya Marekani huweza kujiandikisha kuanzia mwaka anaotimiza miaka 19, na mwaka wa kutimiza 22 huingia bila kujiandikisha, kwa hiyo muda anao. Kwa sasa aufanyie mazoezi mkono wake wa kushoto.