Mshipa Haujilegezi Wenyewe: Kwa Matabibu Wapya Mlioripoti Lindi

Wadogo zangu, juzi katika raundi niliwasikia mkijibu kwa sauti moja kwamba asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, hulegeza mshipa wa damu, nami nikainamisha kichwa, kwa maana nilifaulu mtihani kwa jibu hilo hilo, na ni nusu tu ya jibu.

1. Amri ya kulegea hutolewa na utando wa ndani, yaani endotheliamu. Robert Furchgott wa Marekani aliandika mwaka 1953 kwamba asetilikolini hubana aota, yaani mshipa mkuu wa damu, ya sungura, na akabaki na imani hiyo mpaka mwaka 1978, msaidizi wake wa maabara alipokosea hatua za jaribio na mshipa ukalegea. Kumbe kwa miaka yote hiyo, walipokuwa wakiandaa vipande vya mshipa, waliusugua utando ukatoka bila wao kujua. Furchgott na mwenzake wa maabara, Zawadzki, walichapisha jambo hilo mwaka 1980. Msaidizi yule alikosea kwa bahati njema. Ninyi msilichukue kuwa ruhusa.

2. Msizichanganye kalisiamu mbili: katika utando hupanda, na kimeng'enya kikatengeneza oksidi ya nitriki kutokana na arginini, mojawapo ya asidi amino; lakini katika msuli laini wa ukuta wa mshipa, ambako gesi hiyo hupenya na kuamsha utengenezaji wa cGMP, kijumbe cha ndani ya seli, kalisiamu hushuka, na msuli ukalegea.

3. Nitroglisarini, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, haiutegemei utando. Hubadilishwa kuwa oksidi ya nitriki kwenye msuli wenyewe, na kwa sababu hiyo humsaidia hata mzee ambaye sigara na kisukari vimekwishauharibu utando wake. Hilo nililijua vizuri sana, na ndilo lililoniponza.

Ulikuwa msimu wa korosho, malipo ya mnada yametoka, na mzee mmoja aliletwa usiku akishika kifua, mkewe akiwa amesimama kando ya kitanda na shemeji zake wawili mlangoni. Nilimuuliza anatumia dawa gani. Akamtazama mkewe, akasema Panadol. Nikampa kidonge cha nitroglisarini cha chini ya ulimi, nikajisifu moyoni kwa wepesi wangu. Dakika chache baadaye jasho lilimtoka, macho yakapoteza mwelekeo, na presha aliyokuja nayo ya 130 kwa 80 ikasoma 70 kwa 40. Nilipima mara ya pili kwa sababu niliilaumu mashine. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima ambaye hakuwa na haja ya kunieleza fiziolojia, aliinua miguu ya mgonjwa, akafungulia dripu, kisha akawatoa ndugu wote nje, akainama na kumuuliza mzee swali moja kwa sauti ya chini. Jibu lilikuwa sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, jioni ile ile. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunja cGMP, nami nilikuwa nimeongeza utengenezaji wa kitu ambacho mwili ulikuwa umezuiwa kukiondoa. Mzee alipona, akaniita "daktari wangu" hadi siku ya kuruhusiwa, na kila aliponiita hivyo nilitamani kujificha stoo ya dawa. Mgonjwa yule hakuangushwa na ujinga wa njia ya kemikali, kwani ningeweza kuichora ubaoni nikiwa nimefumba macho. Aliangushwa na haya yangu mbele ya mkewe.

4. Pima presha kabla ya kidonge, si baada.

5. Kwa sildenafili subirini angalau saa 24 kabla ya naitreti yoyote, yaani dawa za jamii ya nitroglisarini, na kwa tadalafili, ndugu yake sildenafili, saa 48.

6. Msiulize "unatumia dawa gani", kwa sababu mtaambiwa Panadol. Tajeni jina analolijua, iwe vidonge vya nguvu za kiume au vumbi la Kongo, ambalo hakuna ajuaye limechanganywa na nini, na kabla ya kulitaja mwombeni mke akafuate kadi mapokezi, hata kama kadi mnayo mkononi.